Nomino za Kiingereza na Vihusishi Vyake: Upungufu wa Orodha Zetu za Istilahi

Miezi michache iliyopita ilifika mezani petu rasimu ya tafsiri ya fomu moja ya kimahakama, tukiombwa tuihakiki kabla haijapigwa chapa. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Istilahi zilikuwa zile zile zilizokwisha kukubaliwa, tahajia haikuwa na dosari, na mfasiri alikuwa amejitahidi kuepuka maneno ya kukopa pasipokuwa na haja. Palipoandikwa kwa Kiingereza 'judgment for the plaintiff', yeye alikuwa ameandika "hukumu ya mdai". Nilisoma mara mbili, nikaona kwamba hapana kosa la sarufi. Hata hivyo moyo haukutulia. Nikamwita mzee mmoja, mlinzi wa ofisi, ambaye hajui Kiingereza lakini Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho. Nikamsomea maneno hayo, nikamwuliza, "Mzee wangu, hapa nani kashinda kesi?" Akajibu bila kusita, "Mwanangu, anayehukumiwa si ndiye aliyeshindwa? Basi mdai kashindwa."

Kwa Kiingereza maana ni kinyume kabisa: mdai ndiye aliyeshinda. Neno dogo 'for' ndilo linalompa ushindi, na kama mahali pake pangewekwa 'against' angeupoteza. Mfasiri wetu alilijua neno 'judgment', akalijua na neno 'plaintiff', na yote mawili aliyatafsiri sawasawa kama orodha ilivyomwelekeza. Kile asichoelekezwa na mtu ni la kufanya na lile neno lililo katikati.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kosa la namna hiyo si la mfasiri peke yake. Ni kosa letu pia sisi tunaotunga orodha za istilahi, kwa kuwa tumezoea kuiandika nomino ya Kiingereza ikiwa peke yake, bila ya kihusishi kinachoifuata, kana kwamba kihusishi hicho ni pambo. Mimi naona kwamba kihusishi kinachofuata nomino ni sehemu ya istilahi yenyewe, na orodha isiyokitaja ni orodha isiyokamilika.

Tabia ya nomino za Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba vitenzi vingine hufuatwa na vihusishi na vingine havifuatwi. Jambo asilofundishwa mara nyingi ni kwamba nomino nazo zina tabia hiyo, na kwamba tabia ya nomino si lazima ilingane na ya kitenzi chake. Kitenzi 'discuss' hakihitaji kihusishi, lakini nomino 'discussion' huhitaji 'of' au 'on'. Neno 'answer' likiwa kitenzi humshika mtendwa moja kwa moja; likiwa nomino hutaka 'to'. Vivyo hivyo 'demand' na 'request' zikiwa nomino hutaka 'for', 'attack' na 'influence' hutaka 'on', na 'visit' hutaka 'to'. Kitenzi 'resist' kinajitosheleza, lakini 'resistance' haiendi mbali bila 'to'.

Hapo ndipo yalipozaliwa makosa mawili tunayokutana nayo kila siku katika majalada na katika madaftari ya wanafunzi. La kwanza ni kumrithisha mtoto mali isiyokuwa yake: mtu akishazoea 'a discussion about' husema pia 'to discuss about', na akishazoea 'a request for' husema pia 'to request for'. La pili linatokana na Kiswahili chetu. Kwa kuwa sisi husema "sababu ya", "jibu la" na "ongezeko la", mwandishi huandika 'the reason of my absence', 'the answer of the question' na 'the increase of prices', ilhali Kiingereza kilichonyooka kingesema 'reason for', 'answer to' na 'increase in'. Na kwa kuwa sisi husema "athari za ukame kwa wakulima", huandika 'the effects of drought to farmers', na hali neno 'effect' hudai 'on'.

Walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba hapana kanuni, ila kukariri tu. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Nomino zilizo karibu kwa maana mara nyingi hushirikiana kihusishi. Zile za kutaka na kutafuta huelekea 'for': 'need', 'desire', 'demand', 'request', 'search', 'application'. Zile za kujibu na kukabili huelekea 'to': 'answer', 'reply', 'reaction', 'solution', 'objection', 'threat'. Zile za kupanda na kushuka kwa kiasi huelekea 'in': 'increase', 'decrease', 'rise', 'fall', 'change'. Zile za kugusa au kukandamiza huelekea 'on': 'effect', 'impact', 'attack', 'tax', 'ban', 'restriction'. Zile za kutawala na kushinda huelekea 'over': 'control', 'authority', 'power', 'victory'. Na zile za kuamini huelekea 'in': 'belief', 'faith', 'trust', 'confidence'.

Zaidi ya maana, umbo la neno nalo husaidia. Nomino nyingi za Kiingereza zilizotoka Kilatini zina viambishi vya mwanzo ambavyo zamani vilikuwa vihusishi katika lugha hiyo, na kihusishi cha Kiingereza mara nyingi hurudia maana ile ile. Kiambishi chenye maana ya kuelekea, kilicho katika 'access', 'adherence' na 'attention', hufuatwa na 'to'. Kile chenye maana ya pamoja, kilicho katika 'compliance', 'conformity' na 'contact', hufuatwa na 'with'. Vile vyenye maana ya kutoka, vilivyo katika 'exemption', 'exclusion' na 'abstention', hufuatwa na 'from'. Sidai kwamba hii ni sheria: 'contribution' huanza kama 'contact' lakini hutaka 'to', na 'excuse' huanza kama 'exclusion' lakini hutaka 'for'. Ni mkongojo wa kutembelea, na mwenye kuutumia asiache kuangalia njia.

Kihusishi ndicho kichaguacho istilahi

Kama jambo lenyewe lingekuwa usahihi wa Kiingereza tu, tungewaachia walimu wa Kiingereza. Lakini lina uzito mkubwa kwetu sisi wa Kiswahili, kwa sababu mara nyingi kihusishi ndicho kinachoamua ni neno gani la Kiswahili litumike.

Tuchukue nomino 'interest'. Ikifuatwa na 'on', kama katika 'interest on a loan', hiyo ni riba. Ikifuatwa na 'in' katika mambo ya sheria, kama vile 'interest in land', hiyo si riba hata kidogo bali ni maslahi au haki ambayo mtu anayo katika ardhi. Ikifuatwa na 'in' katika maneno ya kawaida, kama vile 'interest in music', ni hamu au upenzi wa muziki. Nomino 'duty' ikifuatwa na 'on' ni ushuru unaotozwa bidhaa. Ikifuatwa na 'to' ni wajibu alio nao mtu kwa mwenziwe. Nomino 'title' ikifuatwa na 'of', kama 'the title of the book', ni jina la kitabu. Ikifuatwa na 'to', kama 'title to land', ni haki ya kumiliki ardhi. Mtu akikosea hapo anaweza kumfanya mwenye shamba awe na jina la shamba badala ya kuwa na shamba.

Nomino 'charge' inatisha zaidi. 'A charge against' mtu ni shtaka. 'A charge for' huduma ni ada au malipo. 'A charge on' mali ni dhamana inayoifunga mali hiyo mpaka deni lilipwe. Ofisa aliye 'in charge of' idara ndiye msimamizi wake. Maana nne, na herufi za nomino hazikubadilika hata moja.

Hali kadhalika 'application'. Mtumishi akiandika 'application for leave', anaomba likizo. Sheria ikisema 'application of this Act', hapana mtu anayeomba kitu. Kinachosemwa ni kutumika kwa sheria hiyo. Bwana shamba akiandika 'application of fertilizer', anasema habari ya kuweka mbolea. Na 'appeal against' hukumu ni rufani, ilhali 'appeal for' msaada ni ombi au wito wa kuchangia. Mfasiri akiifungua orodha iliyoandikwa "application: maombi" na "appeal: rufani", ameongozwa njia moja katika njia panda, bila hata ya kuonywa kwamba pana njia nyingine.

Jinsi kamusi zilivyolitazama jambo hili

Yafaa tuulize kwa nini orodha zetu zimekuwa hivyo. Kwa maoni yangu, sababu moja ni urithi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1939, matunda ya kazi ya Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ilikuwa kazi kubwa, na sote tumekunywa katika kisima hicho. Lakini mtumiaji aliyefikiriwa zaidi katika kamusi za zama zile alikuwa Mwingereza aliyetaka kusema Kiswahili. Mtu huyo hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba 'solution' hufuatwa na 'to', kwa kuwa alilijua hilo tangu utotoni. Sisi tulirithi umbo la orodha lakini hatukuwa na maarifa yale ambayo umbo hilo liliyachukulia kuwa yapo.

Waliokuja kuuona upungufu huo mapema ni wale waliofundisha Kiingereza ugenini. A. S. Hornby, akiwa mwalimu Japani, alitunga pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, ambayo baadaye, mwaka 1948, Oxford University Press iliitoa upya, na ndiyo mama wa kamusi ya wanafunzi inayojulikana katika shule zetu mpaka leo. Kamusi hiyo ilimfikiria msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake, kwa hiyo haikutosheka kueleza maana ya neno. Ilieleza na jinsi neno linavyoungana na mengine. Mwaka 1986 Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson walitoa kamusi ya maambatano ya maneno, iliyochapishwa na John Benjamins. Katika mpango wao, kundi la kwanza kabisa la maambatano ya kisarufi ni lile la nomino na kihusishi chake.

Katika kazi ya mabingwa hao pana uamuzi mmoja unaotufaa sana. Kwa kawaida hawakuorodhesha nomino zinazofuatwa na 'of', kwa sababu kihusishi hicho ni cha kawaida mno, na mara nyingi huonyesha umilikaji au uhusiano wa jumla. Walichoorodhesha ni zile zinazokataa kutosheka nacho. Kwa maneno mengine, 'of' ni kama mlango ulio wazi kwa kila mpita njia, na yanayostahili kukaririwa ni yale yanayoingia kwa mlango mwingine. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake kanuni hiyo leo hii, na ikampunguzia kazi nusu nzima.

Mzigo wa '-a' unganifu

Sasa tugeuke tuitazame lugha yetu. Kiswahili nacho kina mlango wake wa wazi, nao ni '-a' unganifu: wa, ya, la, cha, vya na wenzake. Mlango huu ni mpana kuliko ule wa 'of', na hapo ndipo shida inapoanza. "Barua ya Katibu" yaweza kuwa aliyoiandika au aliyoandikiwa. "Picha ya Juma" yaweza kuwa anayoimiliki, aliyoipiga au inayoonyesha sura yake. "Malipo ya wakulima" yaweza kuwa wanayolipa au wanayolipwa. "Dai la kampuni" laweza kuwa inalodai au inalodaiwa. Na "mahitaji ya wafanyakazi" ni vitu wanavyovihitaji wafanyakazi, au ni wafanyakazi wanaohitajika. Kiingereza hapo kina 'the needs of workers' mkono mmoja na 'the demand for workers' mkono wa pili.

Si Kiswahili peke yake kilicho hivyo. Mwaka 1957 Noam Chomsky aliutoa mfano wa 'the shooting of the hunters', ambao wasomaji wa isimu wanaukumbuka: wawindaji walipiga risasi, au walipigwa? 'Of' nayo hupofuka. Ila Mwingereza akitaka kuondoa shaka anavyo vihusishi vingi vya kukimbilia. Sisi, ambao vihusishi vyetu ni vichache, tunakimbilia wapi?

Jibu ni kwamba Kiswahili hakikuyaweka maarifa hayo katika vihusishi. Kimeyaweka katika kitenzi. Kile anachokisema Mwingereza kwa 'to', 'for', 'with' na 'by' baada ya nomino, sisi tunakisema kwa kunyambua. Mtu hulipa, hulipia, hulipwa, hulipiwa na hulipana, na hapana hata mtoto wa shule anayechanganya nani katoa na nani kapokea. Utata huzaliwa pale tunapokiua kitenzi na kukigeuza kuwa nomino, kisha tukakifunga kwa '-a'. Kwa hiyo njia ya kutoka ni kurudi tulikotoka: nomino irudishwe katika kitenzi chake. "Malipo ya wakulima" yawe "fedha wanazolipwa wakulima". "Hukumu ya mdai" iwe "hukumu iliyompa ushindi mdai", na kinyume chake iwe "hukumu dhidi ya mdai".

Waandishi wa Katiba yetu walituonyesha mfano huo. Sehemu ya haki za binadamu ilipoingizwa mwaka 1984 katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kile ambacho Kiingereza hukiita 'right to life' kiliandikwa "haki ya kuwa hai", na kile kiitwacho 'right to work' kiliandikwa "haki ya kufanya kazi". Kitenzi-jina kimebeba kazi ya 'to' bila kelele. Lau pangeandikwa "haki ya kazi", mtu angeweza kuuliza kama ni kazi ndiyo yenye haki.

Mfano mwingine unatoka mbali kidogo, lakini ni mzuri kwa darasa la wafasiri. Mwezi Januari 1941 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, akilihutubia bunge la nchi yake, alitaja uhuru wa aina nne. Aina mbili alizitaja kwa 'of': uhuru wa kusema na uhuru wa kuabudu. Mbili alizitaja kwa 'from': ile ya kuepukana na ufukara na ile ya kuepukana na hofu. Fikra hizo mbili za mwisho zimo pia katika dibaji ya Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948. Kwa mbili za kwanza '-a' inatosha. Lakini ajaribuye kusema "uhuru wa hofu" ameipa hofu ruhusa ya kutembea atakako mchana na usiku. Hapo hapana budi kusema "kuishi bila hofu" au "kuokoka na hofu", hata kama neno "uhuru" litatoweka katika tafsiri. Uaminifu wa mfasiri ni kwa maana, si kwa hesabu ya nomino.

Kosa la upande wa pili

Wapo wafasiri waliouona mtego wa '-a', nao kwa kuukimbia wakatumbukia katika mtego mwingine. Kila waonapo 'on' huandika "juu ya". Kila waonapo 'in' huandika "katika". Kila waonapo 'to' huandika "kwa". Hivyo tunasoma "kodi juu ya mapato", "ongezeko katika bei", "athari juu ya afya" na "suluhisho kwa tatizo". Maneno haya yana sura ya usahihi kwa kuwa kila neno la Kiingereza limepata mwenzake, lakini hayana ladha ya Kiswahili. Mapato hayabebi kodi kichwani. Sisi husema "kodi ya mapato", "bei kupanda", "kuathiri afya" na "utatuzi wa tatizo", nasi tunaelewana.

Kwa hiyo sipendekezi kwamba '-a' ifukuzwe. Pale ambapo nomino ya pili haiwezi kuwa mtenda, '-a' haina hatari: mapato hayatozi kodi, wala tatizo halijitatui. Hatari huja pale ambapo nomino zote mbili zinaweza kutenda: mdai, kampuni, wakulima, wafanyakazi, serikali. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza, nacho hakihitaji elimu ya isimu. Mfasiri ajiulize: je, huyu aliyetajwa baada ya '-a' aweza kuwa mtenda na aweza pia kuwa mtendwa? Ikiwa aweza yote mawili, '-a' peke yake haitoshi.

Iko pia hatari ya tarakimu, ambayo watumishi wa idara za fedha wanaifahamu. 'An increase of 50,000 shillings' na 'an increase to 50,000 shillings' hutofautiana kwa kihusishi tu. Posho ikiwa shilingi 40,000, kwa kauli ya kwanza itakuwa shilingi 90,000. Kwa kauli ya pili itakuwa shilingi 50,000. Zote mbili nimewahi kuziona zimefasiriwa "nyongeza ya shilingi 50,000". Kauli ya pili ilitakiwa isemwe "kuongezwa hadi kufikia shilingi 50,000". Anayepokea posho hiyo hatatuuliza habari za vihusishi. Atatuuliza ziko wapi zile 40,000.

Mapendekezo

Najua yatakayosemwa dhidi ya hoja hizi. Litasemwa kwanza kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Katika mazungumzo ni kweli, kwa kuwa msikilizaji aweza kuuliza. Lakini sheria, mkataba na fomu husomwa na mtu aliye peke yake, na hapana wa kumwuliza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa Tanzania, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imetuelemea sote. Utata ambao zamani ulikuwa aibu ya mwandishi sasa waweza kuwa hasara ya mwananchi. Litasemwa pili kwamba maelezo marefu si istilahi, na kwamba istilahi hutakiwa iwe fupi. Hilo nalikubali kwa vichwa vya habari na majina ya fomu. Lakini ufupi unaompa ushindi aliyeshindwa hautufai kitu.

Kwa sababu hizo napendekeza mambo manne, nami nitafurahi wasomaji wakiyapinga au wakiyakamilisha.

Kwanza, kila nomino ya Kiingereza inayoingizwa katika orodha ya istilahi iandikwe pamoja na kihusishi chake, na yenye vihusishi vinavyobadili maana igawanywe iwe vidahizo mbalimbali. 'Interest on' na 'interest in' ni istilahi mbili, wala si moja yenye maana mbili.

Pili, upande wa Kiswahili nao uonyeshwe kiungo. Isiandikwe "rufani" peke yake, bali "rufani dhidi ya hukumu" na "rufani kwa Mahakama Kuu". Isiandikwe "ushirikiano" peke yake, bali "ushirikiano na". Nomino zetu zinazotokana na kauli ya kutendana, kama makubaliano, mapatano na ushirikiano, huenda na "na" au "kati ya", na jambo hilo ni rahisi kulionyesha.

Tatu, wafasiri wajizoeze kuirudisha nomino yenye utata katika kitenzi kabla ya kuiandika. Waulize nani anatenda na nani anatendewa, kisha waamue kama '-a' inatosha. Na pale inapowezekana, kazi isomwe mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Sisi tunaozijua lugha zote mbili ni mashahidi wabaya, kwa kuwa macho yetu husoma Kiswahili na masikio yetu husikia Kiingereza kilichokuwa nyuma yake.

Nne, walimu wa Kiingereza wafundishe nomino pamoja na kihusishi chake kama sisi tunavyofundisha nomino ya Kiswahili pamoja na ngeli yake. Hapana mwalimu wa Kiswahili anayemfundisha mgeni neno "mti" bila ya kumwambia "miti", wala "jibu" bila ya "majibu". Mgeni akiuliza kwa nini, huambiwa kwamba ndivyo neno lilivyo. Basi naye mwanafunzi wetu aambiwe kwamba neno si 'solution' bali ni 'solution to'. Neno si 'reason' bali ni 'reason for'. Akilipokea hivyo tangu mwanzo, hatakuwa na haja ya kusahihishwa akiwa mtu mzima mwenye dawati na mhuri.

Ile fomu ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa na masahihisho mawili tu. Mfasiri alipiga simu kushukuru, kisha akauliza, kwa adabu, kwa nini orodha haikumwonya. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Orodha tunayoiandaa sasa, kwenye neno 'judgment', ina mistari mitatu mahali ulipokuwa mmoja.